Moyo Kwenda Mbio Kabla ya Mitihani

SWALI: Daktari, shikamoo. Nasoma mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Tabora. Mitihani inapokaribia, moyo hunienda mbio, kichwa huniuma na usingizi hupotea kabisa, ingawa nimepima malaria mara mbili nikaambiwa sina. Nakesha nikisoma, nikinywa kahawa hadi usiku. Wenzangu wananiambia nipumzike, lakini naona nitapoteza muda. Je, nina ugonjwa wa moyo?
Msomaji, Tabora

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuanza na malaria, kwa kuwa huko kwenu kichwa kinachouma hakifai kubahatishwa. Uliyoyaeleza yanaelekea zaidi kwenye msongo wa mawazo: ubongo ukiuona mtihani kuwa ni hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli, yaani homoni zinazouandaa mwili kukabili hatari, mapigo ya moyo huongezeka na misuli hukaza, kana kwamba umekutana na nyoka shambani. Hata hivyo, ukipata maumivu ya kifua, ukizirai, au moyo ukikuenda mbio hata wakati wa likizo, nenda hospitali ukapimwe.

Ninachokulaumu ni kahawa. Baada ya takribani saa 5, nusu ya kafeini, yaani kile kichangamshi cha kahawa, bado imo mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa 2 usiku utalala nacho saa 7. Mtu wa umri wako huhitaji usingizi wa saa 7 hadi 9, na humo ndimo ubongo unamoyapanga na kuyahifadhi uliyoyasoma. Anayekesha hukusanya mahindi ghalani huku mlango wa nyuma uko wazi.

Kupumzika nako hujifunzwa. Jaribu njia ambayo daktari Mmarekani, Edmund Jacobson, aliieleza katika miaka ya 1920: lala chali, kaza misuli ya nyayo kwa sekunde 5 hivi, kisha iachie ghafla na usikilize jinsi mkazo unavyotoka, ndipo upande polepole kwenye mapaja, tumbo, mikono na mabega hadi usoni, ukiruka sehemu yoyote yenye jeraha. Siku za kwanza utaona ni mchezo wa watoto (hata mimi niliona hivyo), lakini anza wiki hii, usingoje ratiba ya mitihani ibandikwe, maana mwili hautii amri ambayo haujaizoea.

Jioni tembea nusu saa chini ya miembe, daftari ukiliacha chumbani. Zikipita wiki 2 bila nafuu, mwone mshauri wa wanafunzi chuoni kwenu.