Alama 40 za kwanza: kwa wadogo zangu mnaoingia chuo

Wadogo zangu mliopangiwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka huu, hongereni. Mengi ya humu yanawahusu pia wa Dodoma, Mzumbe, SUA na kwingineko, ila mifano nitaitoa kwenye chuo ninachokijua.

Form six mlizoea mtihani mmoja wa mwisho. Mtu aliweza kuzembea muda mrefu, miezi miwili ya mwisho akapiga msuli, akatoka na division one yake safi. Tabia hiyo ndiyo inayowamaliza wengi chuoni, maana hesabu ya huku ni nyingine. Kozi moja ina alama 100: 40 ni za kazi za muhula, yaani CA, na 60 ni za mtihani wa mwisho, UE. Hizo 40 zinaanza kukusanywa mapema, wakati wewe bado unauliza watu kumbi za mihadhara za Yombo ziko wapi.

Chukua A, ambayo Mlimani huanzia 70. Aliyeingia UE na 30 za CA anahitaji 40 kati ya 60, na hizo zinapatikana hata siku ukiwa na mafua. Aliyeingia na 18 anahitaji 52. Sijui kama mwalimu mwenyewe akikalishwa pale bila maandalizi atazifikisha. Na vipo vyuo ambavyo CA yako ikiwa chini ya kiwango, hata kwenye chumba cha UE huingii.

CA inatoka kwenye test, kazi ya mtu mmoja mmoja, na kazi ya kikundi. Mwalimu hatakufuata bwenini kukumbusha. Atatangaza mara moja darasani, au atamwambia CR, yaani mwakilishi wa darasa, naye CR ataweka kwenye grupu la WhatsApp, na juu ya tangazo hilo watu watarundika stika na picha za viatu vya mtumba. Ule mpango wa kozi mnaogawiwa wiki ya kwanza usiuache kwenye begi. Toa tarehe zote za humo, ziandike mahali unapopaona kila siku.

Kazi ya kikundi nitaikalia kidogo. Mtapangwa kumi. Wawili watasoma, mmoja atachapa, mmoja atatoa hela ya kuprinti, na sita watauliza usiku wa manane, "Jina langu mmeliweka?" Siku ya kuwasilisha, mwalimu mzoefu hamuulizi aliyesimama mbele na rimoti. Anamtazama yule aliyejibanza nyuma anachezea kalamu, anamwambia, "Wewe mwenye shati la bluu, tufafanulie jedwali lenu la pili." Kimya. Kikundi kizima kinakatwa alama kwa ajili ya shati la bluu. Mkipangwa tu, kutaneni siku hizohizo, kila mtu apewe kipande chake, na kabla ya kuwasilisha ulizaneni maswali ninyi kwa ninyi. Mtu asiyetokea kabisa, mwambieni mapema kwamba jina lake halitakuwepo. Atanuna, na atatokea.

Halafu kuna steshenari. Siku ya mwisho ya kukusanya kazi, foleni inatoka nje ya mlango, mashine moja imekwama karatasi, na flashi yako imepita kwenye kompyuta yenye virusi, mafaili yote yamegeuka shotikati. Printi jana yake, na nakala ijitumie kwenye imeili. Kijana wa steshenari hana kosa, ana wateja hamsini.

Madesa, yaani nukuu za masomo mnazorithi kwa waliotangulia, mtayapata mengi, na siyakatazi. Pasti pepa pia zisomeni. Ila desa la miaka mitatu iliyopita ni la mwalimu wa wakati ule, na kunakili kazi ya mtu neno kwa neno ni kosa la kitaaluma hata kama mwenye kazi amekuruhusu.

Lugha inawatisha wengi, hasa mliotoka shule za kata. Semina zinaendeshwa kwa Kiingereza, na kuna wenzako watakaokiongea kama maji. Wasikuzibe mdomo. Andika swali lako kwenye daftari kabla ya kuingia, lisome lilivyo. Likikushinda kabisa, mfuate mwalimu ofisini saa alizobandika mlangoni. Wengi wao mkiwa wawili humo ndani wanakuelewesha hata kwa Kiswahili. Cha ajabu, saa hizo mara nyingi wanakaa peke yao hadi wiki ya UE, ndipo korido inajaa.

Mtaambiwa pia kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira. GPA, yaani wastani wa matokeo yako ya mihula yote, haijui mazingira. Digrii ya miaka mitatu ina mihula sita. Ukifunga mwaka wa kwanza na 2.9 na unataka umalize na 3.5, pale linapoanzia daraja la pili la juu, mihula minne iliyobaki uwe na wastani wa 3.8, kama mzigo wa kozi ni uleule. Sapu, yaani mtihani wa kurudia kozi uliyofeli, nayo hata uifaulu vipi, unaandikiwa C.

Boom, yaani hela ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, fedha ya chakula na malazi kwa kiwango kamili ni shilingi 10,000 kwa siku, badala ya 8,500 ya zamani. Ikiingia ya siku 60 ni 600,000 kwa mkupuo, na kwa wengi wetu ndiyo hela kubwa ya kwanza kuishika. Wiki hiyo utaona simu mpya kila kona. Lipa chumba kwanza, tenga ya steshenari, inayobaki igawe kwa siku. Na ile ya kwanza inaweza kuchelewa, kwa hiyo ondoka nyumbani na hela ya kula wiki kadhaa. Ukikosa hosteli, kubebana kupo, yaani kulala kwenye kitanda cha mwenzako aliyepata, ila mchangie mwenyeji wako, maana kitanda ni cha futi chache na jina lililoandikwa mlangoni ni lake. (Mkopo huo utaurudisha kwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi ukiajiriwa. Bodi hawasahau.)

La mwisho ni karatasi zako. Test ikirudishwa iweke kwenye faili, ya kila kozi, na ukisaini kuwa umekusanya kazi ipige picha ile orodha. Vyuo vingi matokeo yakitoka hukosi mtu ambaye alama zake za CA hazionekani kwenye mfumo. Mwenye karatasi anakwenda kwa mwalimu wa kozi siku hiyohiyo, anarekebishiwa. Asiye nayo anaambiwa aandike barua kwa mkuu wa idara.