Jibu: Wale vijana wa tai hapa Mwanza wanaishije?

Mkuu, umeuliza wale vijana wamisionari wa Kimormoni (Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho) wenye shati nyeupe na tai shingoni wanashinda wakifanya nini na nani anawalipa. Wawili walipanga jirani yangu huku Nyakato, nikawazoea.

Hawalipwi. Wao na familia zao ndio wanachangia gharama, miaka 2 kwa vijana wa kiume. Wanaamka saa 12:30 asubuhi: mazoezi, maandiko, Kiswahili. Kisha ni kuhubiri mguu kwa mguu mpaka jioni, na zile njia za mawe za Mabatini si mchezo. Saa 4:30 usiku taa zimezimwa. Hawaachani hata dakika, wala hawatongozi wasichana.

Kilichonichekesha ni cheo chao: "Mzee"! Mtoto wa miaka 19, ndevu hana.

Kasheshe ni chai. Kwao chai na kahawa ni mwiko, na mama yangu alinuna kweli walipokataa kikombe. Siku hizi anawapikia uji, na sato wanamchambua mpaka kichwa. Ziwani hawaogelei, hawaruhusiwi hata joto likizidi.

Nyumbani wanapiga simu mara moja kwa wiki, kwa kawaida Jumatatu, siku yao ya kufua na soko.