Kontroli Yako Imetoka Wapi? Kwa Mnaoanza Kazi Katika Maabara ya Lukemia ya Watoto

Kila mwaka wa masomo unapoanza, maabara yetu ya lukemia, yaani saratani ya damu, hupokea vijana wapya wenye bidii, na kila mwaka, kabla mvua za vuli hazijakatika, nakuta tena chupa yenye kifuniko cha kijani kwenye jokofu la sampuli za PCR, ile njia ya kurudufisha kipande cha DNA mara nyingi mpaka kionekane. Safari hii nimeamua kuandika badala ya kufoka. Mengi ya nitakayosema yamo katika miongozo iliyobandikwa ukutani, ambayo naamini huwa mnaisoma mnaposubiri sentrifuji isimame. Tatizo la miongozo ni kwamba inaeleza kinachotakiwa kufanywa, lakini haielezi yaliyompata aliyeipuuza.

1. Chupa. Damu na uboho wa kutolea DNA na RNA huwekwa kwenye chupa ya EDTA (dawa ya kuzuia damu kuganda), yenye kifuniko cha zambarau. Ile ya kijani ina heparini, na heparini huzuia kimeng'enya cha PCR. Mkiletewa, pigeni simu wodini kabla mtoto hajatoka kwenye chumba cha kuchotwa uboho, msingoje kesho yake. Namba ya mgonjwa iandikwe kwenye mwili wa chupa, kamwe isiandikwe kwenye kifuniko, na iandikwe kwa kalamu isiyofutika kwa ethanoli.

2. Mchoto wa kwanza. Uboho wa mchoto wa kwanza ndio wenye thamani, kwa kuwa kadiri sindano inavyoendelea kuvuta ndivyo damu ya mishipa inavyoingia na kuuzimua. Daktari anautaka kwa ajili ya slaidi, wa saitometria, anayehesabu seli kwa mashine, anautaka, na nyinyi mnautaka. Mgawanyo huo hujadiliwa mapema na daktari mwenyewe, kwa adabu, wala haujadiliwi kwa minong'ono mlangoni wakati mtoto analia mezani. Kijana wetu mmoja aliwahi kwenda na ndoo yake ya barafu na maneno mengi, na muuguzi, mama wa makamo asiyependa makelele karibu na watoto, akampa bomba la mwisho, lililojaa pomoni. Alirudi akitabasamu kwa wingi wa alichopata. Kipimo cha masalia ya ugonjwa, ambacho mpaka wake ni seli moja ya lukemia katika seli 10,000, kilitoka safi, nasi tukabaki hatujui kama mtoto ameitikia tiba vizuri au kama sampuli ilikuwa damu tupu. Ilibidi daktari aelezwe hivyo hivyo, na aliyetumwa kwenda kumweleza ni mwenye ndoo.

3. Vyumba viwili. Anayetoka kwenye chumba cha jeli, ambako zao la PCR husomwa kama bendi, haingii kwenye chumba cha kuandalia mchanganyiko wa PCR siku hiyo, hata kama amesahau simu yake humo, maana DNA iliyorudufishwa humfuata na kuchafua sampuli. Kromosomu ya Philadelphia, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1960, hupatikana kwa takriban watoto 3 hadi 5 tu katika kila 100 wenye lukemia ya limfoblasti. Kwa hiyo mtu akiniletea jeli ambayo BCR-ABL1, yaani muunganiko wa jeni mbili unaoletwa na kromosomu hiyo, inang'aa kwa nusu ya wodi, swali langu la kwanza ni mahali alipofungulia zao la kontroli chanya, ile sampuli ya kulinganishia inayojulikana kuwa na muunganiko huo. La pili ni urefu wa bendi: watoto wengi wenye lukemia hiyo huwa na muunganiko wa aina ya p190, ilhali seli za K562 tunazozitumia kama kontroli zina p210. Watoto wote wakionekana kuwa na bendi ya K562, basi mnaitazama K562. Msidhani haya ni mambo ya karatasi tu, maana mtoto mwenye muunganiko huo huongezewa dawa ya jamii ya imatinibu, na bendi ya uongo yaweza kuishia katika cheti cha dawa. Kontroli hasi, isiyopaswa kuonyesha chochote, ikiwa na bendi hafifu imefeli, na mkupuo mzima umefeli pamoja nayo.

4. Kontroli ya mgonjwa mwenyewe. Hapa nitakaa, kwa sababu hivi karibuni kijana mmoja mwenye vyeti vizuri kuliko vyangu alileta kikaoni mpango wa kusoma eksomu (sehemu za DNA zenye maelekezo ya protini) za watoto wenye lukemia, na katika safu ya kontroli aliandika: mate, siku ya kulazwa. Niliposoma maneno hayo, chai ilinishinda.

Anayechunguza uvimbe wa figo au wa ubongo huchukua damu ya mgonjwa, akaisoma sambamba na uvimbe, kisha akaondoa kila badiliko lililomo katika vyote viwili. Kinachobaki ndicho kilichozuka ndani ya saratani. Sisi hatuna bahati hiyo, maana kwetu damu ndiyo saratani. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu, katika maabara ambayo sitaitaja, jambo hilo nilikuwa nalijua, na ndiyo maana nilijiona mjanja kwa kuchagua mate. Kumkata mtoto kipande cha ngozi ni kumwongezea maumivu, na kungoja ugonjwa utulie ni kuchelewesha tasnifu, lakini kutema kwenye chupa watoto walikuona mchezo.

Nilichopuuza ni kwamba mate yamejaa chembechembe nyeupe za damu. Kwa mtu mwenye afya hilo halidhuru, kwa sababu DNA ya chembe hizo ni ileile ya mwili wake wote. Mtoto mwenye lukemia ya seli T, aina mojawapo ya chembe nyeupe, aliyelazwa akiwa na chembe nyeupe zaidi ya 200,000 kwa kila mikrolita, huku chembe sahani, zile za kugandisha damu, zimeshuka na fizi zinavuja damu, hatoi kontroli anapotema. Anatoa lukemia iliyochanganyika na mate. Daftari langu la wakati huo bado ninalo. Kwenye ukurasa wa sampuli zile, kando ya namba za utafiti, nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: "waridi", "waridi", "waridi kidogo". Rangi niliiona, nikaiandika, nikapiga mstari kwa rula, nikaendelea na kazi.

Matokeo yalipotoka, kundi moja la watoto lilionekana kuwa na mabadiliko ya jeni machache mno. Sikushtuka, kwa sababu inajulikana kwamba lukemia ya watoto walio chini ya mwaka mmoja, yenye mpasuko wa jeni ya KMT2A, huwa na mabadiliko mengine machache sana, nami nikajiaminisha kwamba nimempata ndugu yake kwa watoto wakubwa. Hata jeni ya NOTCH1, ambayo tangu mwaka 2004 tunajua kwamba hubadilika katika zaidi ya nusu ya lukemia za seli T, karibu haikuonekana katika kundi langu. Pale ndipo ilipopasa nisimame. Badala yake nililipa kundi hilo jina, "lukemia tulivu", nikalichorea mchoro wa kupendeza, nikatuma muhtasari mkutanoni ukakubaliwa, na mwenzangu wa benchi la pili akaanza kutengeneza seli za kuijaribu nadharia yangu, kazi iliyomla miezi kadhaa ambayo sijui kama amenisamehe.

Aliyeiangusha nadharia hiyo hakuwa mtaalamu wa jenomu. Alikuwa daktari wa watoto ambaye alihudhuria vikao vyetu kimya, na ambaye sisi vijana tulidhani haja yake ilikuwa karanga zilizowekwa mezani. Aliniomba nirudi kwenye jedwali la wagonjwa, lile ambalo kila mara nililipitisha upesi ili nifike kwenye michoro, akauliza kama ningeweza kulipanga kwa idadi ya chembe nyeupe siku ya kulazwa. Nikalipanga palepale, mbele ya watu wote. Watoto wa lukemia tulivu wakapanda juu ya jedwali, mmoja baada ya mwingine, bila kumchanganya hata mtoto mmoja wa kundi jingine. Akauliza tena: mate yalichukuliwa siku gani? Nilipojibu hakuongeza neno, na kwa ustaarabu wake akarudi kwenye karanga.

Jioni ile nilifungua usomaji ghafi, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kulipa kundi jina. Katika mtoto wa kwanza niliyemtazama, uboho ulionyesha badiliko la NOTCH1 katika karibu nusu ya nakala zilizosomwa, na mate yakalionyesha katika karibu theluthi. Badiliko la kurithi hutarajiwa katika takriban nusu ya nakala au katika zote, na theluthi yenye nakala nyingi kiasi kile haitoki kwa baba wala kwa mama. Programu ilitii amri niliyoipa: iliona kitu kilekile pande zote mbili, ikakihesabu kuwa mtoto amezaliwa nacho, ikakifuta. Tuliandika barua ya kuondoa muhtasari mkutanoni. Tulitafuta damu iliyochukuliwa baada ya ugonjwa kutulia, mabadiliko yakarejea karibu yote, na kundi langu likawa watoto wenye lukemia ya seli T kama wengine wote. Kwa baadhi yao damu hiyo haikuwapo wala isingeweza kupatikana tena, kwa hiyo tuliwatoa katika utafiti. Wazazi wao walitia saini ridhaa katika siku mbaya kuliko zote za maisha yao, wakiamini kwamba chupa ile itatumiwa na mtu makini.

Ushauri wenyewe ni mfupi. Otesheni fibroblasti za ngozi, au tumieni damu ya kipindi ambacho ugonjwa umetulia na masalia yamepimwa. Tena kabla ya kufuta badiliko lolote, tazameni kama upotevu wa jeni ya CDKN2A au mpangilio wa kipokezi cha seli T mliouona kwenye uboho umo pia katika hiyo mnayoiita kontroli. Kijana wa mate alinuna kidogo, kisha akabadilisha mpango wake, na sasa ndiye anayewauliza wenzake maswali ya kuudhi kuhusu chembe nyeupe.

5. Mistari ya seli. Daudi, Raji na Namalwa ni mistari ya seli, yaani seli zinazooteshwa maabarani kizazi baada ya kizazi, iliyotokana na wagonjwa Waafrika wenye limfoma ya Burkitt, saratani ambao Denis Burkitt aliuandikia mwaka 1958 akiwa Uganda, na huko Ulaya na Marekani watu huyatamka majina hayo kila siku bila kuwaza kwamba yalikuwa ya watu. Sisi tunaosikia majina hayo mitaani kwetu hatuna kisingizio cha kutosoma historia ya seli tunazozitumia. Dada yetu mmoja wa shahada ya uzamili alihangaika muhula mzima kutafuta HLA ya daraja la kwanza, protini za utambulisho wa seli, juu ya seli za Daudi. Alibadilisha kingamwili, akabadilisha joto, akabadilisha bafa, akaandika barua kali kwa waliouza kingamwili, nao wakamletea nyingine bure. Seli za Daudi hazitengenezi beta-2 mikroglobulini, na bila hiyo HLA ya daraja la kwanza haifiki juu ya seli. Mstari huo ulianzishwa mwaka 1967 na jambo hili limo katika maelezo yake ya kawaida kabisa. Zile kingamwili zote mbili ni nzuri sana, bado tunazitumia kwa seli za Raji. Pimeni utambulisho wa STR (alama za DNA zinazotofautisha mtu na mtu) seli zinapoingia na kabla ya kuchapisha, kwa kuwa HeLa imekwisha kuvamia mistari mingi duniani, na pimeni maikoplazma, bakteria wadogo wanaochafua seli, kila mwezi, hata kama seli zinaonekana kuwa na afya.

6. Friza. Sampuli ya mtoto mmoja igawanywe katika vichupa kadhaa na ihifadhiwe katika friza mbili tofauti, zisizotumia soketi moja. Daftari la friza linajazwa siku ileile, na anayetoa kichupa anaandika amekipeleka wapi. Yupo mtu aliyetoa vichupa viwili kwenye rafu ya tatu wiki iliyopita bila kuandika chochote. Namwomba aje ofisini kwangu kabla ya Ijumaa, na aje navyo vikiwa kwenye barafu kavu.