Mechi ya besiboli iliyogoma kuisha

Umeuliza mechi gani ya zamani ya besiboli ilikuwa ngumu kuliko zote. Mimi nakupa ya Mei 1, 1920 pale Boston: wenyeji Boston Braves dhidi ya timu ya Brooklyn. Kawaida inningi (kila timu kupata zamu moja ya kupiga) ni 9. Hawa walicheza 26, na matokeo yakabaki 1-1! Brooklyn walipata yao inningi ya 5, Boston wakasawazisha ya 6, baada ya hapo ni kavu kwa kavu inningi 20.

Kinachonishangaza ni warushaji, wale wanaomrushia mpigaji mpira. Leon Cadore wa Brooklyn na Joe Oeschger wa Boston walirusha mwanzo mwisho, hakuna aliyepumzishwa. Siku hizi mrushaji akifika inningi ya 7 watu wanamwonea huruma.

Inningi ya 17 Brooklyn walikuwa na wakimbiaji kwenye vituo vyote vitatu. Mmoja akatolewa nyumbani, yaani kituo cha mwisho cha kufungia, mwenzake naye akachomoka kuja kufunga, mdakaji wa Boston, Hank Gowdy, akajirusha na mpira mkononi akamgusa kabla hajafika.

Taa uwanjani hazikuwepo, kwa hiyo giza lilipoingia mwamuzi akasimamisha. Na yote hayo kwa muda wa saa 3 na dakika 50 tu.