Muulize Ami: Farasi wa Vigari, Ugomvi wa Kwenye Simu

SWALI: Assalaam alaykum, Ami. Mie kijana wa Wete, fundi simu. Nina binamu yangu Stockholm, ndiye aliyeniingiza kwenye mashindano ya farasi wanaokokota vigari. Sasa tumo kwenye grupu moja la mashabiki: Waswidi, Wataliani, Wafaransa, Wamarekani, Wakanada. Mwezi uliopita niliandika kwamba hajatokea farasi kama Varenne wa Italia. Bwana mmoja wa Ohio akanijibu kwamba mbele ya Bulldog Hanover huyo Varenne asingeuona hata mkia, akanitilia na muda: 1:45.4. Binamu akaingia kunitetea, akaleta muda wake wa Kiswidi, wa Ohio akacheka, Mfaransa akawatukana wote wawili. Mwisho nikaambiwa mie nirudi kwa punda wangu. Ami, nani mkweli hapo? Halafu binamu ananitaka elfu hamsini aninunulie tiketi ya kubahatisha. Nifanyeje?

AMI: Waalaykumu salaam, mwanangu. Wote wanasema kweli, na ndiyo maana hawatamaliza leo wala kesho.

Anza na miguu. Varenne alikuwa farasi wa mshazari: mguu wa mbele wa kulia unakwenda na wa nyuma wa kushoto, kisha wanabadilishana. Bulldog Hanover ni wa upande mmoja: miguu miwili ya kulia inakwenda pamoja, halafu miwili ya kushoto. Mwendo huu wa pili ndio wenye kasi zaidi, na farasi wengi wanaokimbia hivyo huvishwa mikanda inayowasaidia wasiuvunje. Marekani, Kanada, Australia na New Zealand wanakimbiza aina zote mbili, ila wa upande mmoja ndio wengi. Uswidi, Ufaransa na Italia ni mshazari tu. Kwa hiyo bwana wa Ohio kakuletea farasi ambaye kule uwanja wa Vincennes, Paris, asingepangwa hata kwenye mbio za kufungulia siku. Wala simshangai. Kwao Ohio, katika mji wa Delaware, ndiko yanakofanyika mashindano ya Little Brown Jug tangu 1946, na hayo ni ya upande mmoja. Mtu kakulia hapo, utamwambia nini?

Sasa huo muda. Nukta ya 1:45.4 imewadanganya wengi. Wamarekani wanaigawa sekunde mafungu matano, si kumi, kwa hiyo hiyo ni dakika moja, sekunde 45 na nne ya tano, yaani 1:45.8. Tena ni muda wa maili nzima, mita 1,609. Binamu yako, kwa kuwa yuko Uswidi, bila shaka kaandika muda wa kilomita moja, maana ndivyo wanavyohesabu huko hata kama mbio zenyewe ni ndefu zaidi. Mmoja anasema 1:45, mwengine anasema 1:10, na kila mmoja anamwona mwenziwe mwendawazimu. Wa Bulldog Hanover ukiugeuza unapata kama sekunde 65.7 kwa kilomita. Ukitaka kumlinganisha Varenne, mlinganishe na Homicide Hunter, wa mshazari mwenziwe, aliyekwenda maili kwa 1:48.8 huko Lexington mwaka 2018. Hiyo ni kama sekunde 67.6 kwa kilomita. Hapo mtazungumza.

Na huyo bwana mkumbushe jambo moja. Mwaka 2001 Varenne alisafirishwa mpaka Marekani, akawashinda kwenye mashindano ya Breeders Crown kwa 1:51 na moja ya tano, katika uwanja wa Meadowlands, New Jersey. Ndio uwanja uleule ambao Bulldog Hanover aliweka rekodi yake Julai 2022. Mwaka huohuo wa 2001 Varenne alikuwa keshachukua mashindano ya Prix d'Amérique ya Vincennes na ya Elitloppet ya Stockholm, na mwaka uliofuata akazichukua tena zote mbili. Tazama tofauti ya kazi alizofanya. Elitloppet ni maili, lakini farasi anakimbia mchujo na fainali siku hiyohiyo. Prix d'Amérique ni mita 2,700 juu ya njia nyeusi yenye mlima, na hakuna gari la kuwatangulia: farasi wanageuka wakiwa polepole, wanaondoka. Marekani wanafuata lango lililofungwa nyuma ya gari linalokwenda, kwa hiyo saa inapoanza wameshashika kasi. Anayelinganisha muda bila ya kuuliza walianzaje anapiga kelele tu.

Mie mbio hizi niliziona kwa macho yangu Malta, enzi za ubaharia. Uwanja wa Marsa uko karibu na bandari, ukishuka melini unatembea kwa miguu. Nilisimama kwenye uzio. Dereva anakaa chini kabisa, miguu kaitanua juu ya miti miwili ya kigari, uso wake uko kwenye mkia wa farasi, na mchanga unaorushwa na kwato unamwingia mdomoni. Farasi aliyekuwa akiongoza akauvunja mwendo, akaruka shoti. Sheria ni kwamba lazima umrudishe, basi yule dereva kajilaza chali akivuta hatamu kwa uzito wake wote, na wenziwe wakampita mmoja mmoja. Pembeni yangu palikuwa na bwana mtu mzima mwenye tai. Alichana tiketi zake, akamtukana yule dereva na mama yake, na mie nusu ya matusi niliyafahamu, maana Kimalta na Kiarabu ni ndugu.

Nimekutajia huyo bwana kwa sababu hasira nyingi unazoziona kwenye hilo grupu zinatoka hapo. Anayesema dereva fulani ni mwizi, mara nyingi ana tiketi mfukoni. Elfu hamsini usitume. Hiyo ni kamari, hukumu yake uliifunzwa chuoni, hunihitaji mie. Na hata ukiweka dini kando, siku utakayopoteza utaacha kumpenda farasi na utaanza kumdai. Binamu yako mwambie kwa upole, asije akadhani unamsomesha.

Kuhusu kurudi kwa punda, sikuona tusi lilipo. Ila najua kinachouma. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, watu wa Simba na Yanga wanaambiana maneno mabaya kuliko hayo, lakini muuza kahawa anamimina kikombe kwa huyu na kwa yule, na ukizidisha, mtu mzima anakutazama tu, unanyamaza. Kwenye simu hakuna wa kukutazama. Kwa hiyo jiwekee mipaka wewe mwenyewe. Mtu akikuletea muda, muulize mambo matatu: mwendo gani, umbali gani, walianzaje. Akijibu, umepata wa kuzungumza naye, hata akiwa mkali. Asipojibu, mwache hapo hapo. Na grupu usitoke. Utampata wapi Wete mtu wa kubishana nawe habari za Varenne?

SWALI: Ami, mwanangu ana miaka 15, anazitazama mbio hizo usiku kucha. Sasa kamfunga punda wetu kamba za katani, mguu wa mbele na wa nyuma wa upande mmoja, ati anamzoeza mwendo wa Kimarekani. Juzi punda kaanguka na mzigo wa makumbi. Mama, Makunduchi.

AMI: Dada yangu, weka gazeti chini, kamfungue, kisha urudi kusoma.

Ile mikanda ya farasi ni vitanzi vipana, vinaning'inia kwa kanda kutoka mgongoni ili visiteremke, na mguu unacheza ndani yake. Tena anavishwa farasi ambaye mwendo huo kazaliwa nao. Punda wenu hakuzaliwa nao, na katani inakula ngozi. Mtazameni juu ya kwato, miguu yote minne. Palipochubuka paosheni kwa maji safi na chumvi kidogo, asivute gari mpaka pakauke, na pakitoa usaha mwiteni daktari wa mifugo.

Kijana msimpige, kiu yake ni nzuri. Sisi Dole tulikuwa na gari la punda la kubebea mchanga, na kazi ngumu haikuwa kumkimbiza punda. Kazi ilikuwa kwenye mteremko, mzigo unapomsukuma nyuma na yeye anataka kuruka shoti. Baba alikuwa akiniteremsha nishike lijamu, nimsemeze mpaka chini, na fimbo anaichukua yeye. Basi mwambie Ami kasema hivi: amtoe punda nyumbani mpaka dukani na kurudi, kwa telki, bila ya shoti na bila ya fimbo. Akishaweza, aniandikie mwenyewe, nitamweleza namna ya kushika hatamu.