Vitz, Ist au Probox kwa njia ya vumbi: angalia chini ya gari kabla ya jina

Dada, umeuliza mambo matatu kwa mpigo. Kama ni kweli Vitz, Ist na Probox za Toyota ni gari moja lenye majina matatu. Lipi litakufaa wewe unayekaa Mbale na kila wikendi mnapanda kwa wazazi upande wa Budadiri, wewe, mume, watoto wawili na mizigo ya kurudi nayo. Na kama kuweka speisa, yaani vipande vya kuinulia gari, chini ya springi za Vitz kutaizuia isigonge. Mimi ni mtu wa Busia. Niliendesha Vitz ile ya kwanza miaka mitano, nikibeba samaki kutoka Majanji kabla barabara haijawekwa lami, na sasa Probox ninayo mwaka wa saba. Nakujibu kwa yaliyonipata.

Nianze na mizigo, maana naona wengi waliokujibu wameiruka. Karatasi za Japani zinazokuja na gari zina namba mbili: uzito wa gari tupu na uzito wa jumla. Toa moja kwenye nyingine. Gari dogo la abiria la watu 5 litakupa kilo 275, kwa sababu Wajapani huhesabu kilo 55 kwa kila mtu. Hapo hakuna kilo hata moja ya mzigo. Sasa piga hesabu yako. Wewe na mume tuseme kilo 140, watoto 60, jumla 200. Zimebaki 75. Mikungu mitatu ya matoke imezimaliza, na lile gunia la vitunguu la kilo mia ulilolitaja halina mahali pa kukaa kwenye hesabu hiyo. Tena gunia linakaa buti, nyuma ya ekseli, kwa hiyo springi za nyuma zinabeba lote na mbele gari linakuwa jepesi. Ukisikia Vitz inagonga "gwa, gwa" kila shimo, ile ni springi iliyokwisha kuzama mpaka gari limelalia raba ya kizuizi. Haijaharibika. Imetwikwa mzigo usio wake.

Kuhusu undugu, ni kweli. Vitz ilitoka Januari 1999, Platz na FunCargo zikafuata mwaka huohuo, Ist na Probox zikaja 2002, zote kwenye msingi (sakafu na vyuma vya chini ya bodi) wa familia moja. Toyota hawako peke yao. Nissan March ya 2002 ina msingi mmoja na magari madogo ya Renault, Mazda Demio ya 2002 ni ndugu wa Ford Fiesta, na Passo ni Daihatsu Boon yenye nembo nyingine. Kubuni msingi mpya ni gharama kubwa mno kwa gari la bei ya chini, kwa hiyo unabuniwa mmoja na kuvishwa bodi nyingi. Sisi huku tumefaidika: spea zinapatikana, na fundi aliyejifunzia Vitz hapotei chini ya Ist.

Ila undugu una mipaka. Kati ya tairi la mbele na la nyuma, Vitz na Ist zote zina milimita 2,370, Probox ina 2,550. Vitz yangu ilivaa tairi za 155/80R13, na Ist inavaa 185/65R15, yaani ringi kubwa zaidi na raba pana zaidi. Ukikokotoa vipenyo, Ist inasimama juu kwa karibu sentimita mbili kwa sababu ya tairi tu. Watu husema Ist ni "ngumu zaidi", lakini sehemu kubwa ya kile wanachokisifu ni raba na ringi.

Nyuma, Vitz na Ist zina ekseli ya kujipinda. Ni mikono miwili inayoelekea nyuma, imeunganishwa na boriti moja ya chuma iliyo wazi upande mmoja. Tairi moja likipanda jiwe, boriti inajisokota kidogo, na huko kujisokota ndiko kunakozuia gari lisilale kwenye kona. Sehemu ni chache, sakafu ya buti inakaa chini, na bei inashuka. Wapo wanaoidharau. Baba mdogo alikuwa na Corolla 110 ambayo nyuma kila tairi lilijitegemea, na Corolla iliyofuata, NZE121, ilipokuja na ekseli ya kujipinda akasema tumerudishwa nyuma. Kwenye lami nzuri ana hoja. Lakini hesabu bushi, zile raba za kwenye viungio: 110 ina mikono mitatu kila upande, kila mkono una bushi mbili, jumla 12. Ekseli ya kujipinda ina 2. Kwa vumbi na mashimo yetu nachagua mbili, bila kusitasita.

Tatizo lake ni hili, na liliniumiza mimi mwenyewe. Siku moja nikirudi na kreti za samaki, tairi la nyuma kushoto lilitumbukia kwenye shimo lililojaa maji. Gari likaendelea, sikuona kitu. Baada ya miezi miwili tairi lile lilikuwa limelika upande wa ndani mpaka nyuzi zinaonekana. Nikaenda gereji moja, wakaniambia wamefanya alaimenti, yaani kunyoosha tairi, ya mbele na ya nyuma, nikalipa zote mbili. Tairi jipya likalika vilevile. Mzee mmoja fundi ndiye aliyenionyesha. Alisimamisha gari mahali tambarare, akavuta uzi wa kushonea magunia kila upande, sambamba na bodi, kwenye kimo cha katikati ya ringi. Akaniambia nishike rula. Kulia: ukingo wa mbele wa ringi milimita 27 kutoka kwenye uzi, ukingo wa nyuma 26. Kushoto: mbele 24, nyuma 31. Tairi lilikuwa linatazama nje kwa milimita saba, na ekseli ile haina bolti yoyote ya kurekebishia. Yaani nilitozwa pesa kwa kazi isiyowezekana. Mkono ulikuwa umepinda. Tukatafuta ekseli ya mtumba Kisekka, soko la spea Kampala, tukapata ya Platz, tukalinganisha matundu ya bolti na ngoma za breki moja baada ya nyingine kabla ya kulipa, ikaingia. Hapo niliushukuru undugu wa magari haya kutoka moyoni.

Speisa: usiweke. Springi haiongezeki nguvu hata kidogo. Ukiitwika kilo mia inazama kiasi kilekile. Unachofanya ni kuinua bodi na kuila nafasi ambayo tairi lingeshukia. Matokeo yake gari tupu likivuka tuta, shokapu inavutwa mpaka mwisho na kugonga kwa juu, na mbele jointi za ekseli zinazozungusha tairi zinafanya kazi zikiwa zimekunjwa vibaya. Niliweka za mbele mwaka wangu wa pili, nikazitoa baada ya raba za jointi kupasuka pande zote mbili.

Probox mbele ni jamaa ya Vitz, lakini nyuma ni kitu kingine: ekseli nzima isiyojipinda, inashikwa na mikono minne na fimbo ya kuizuia isiende kando, juu ya springi za mviringo. Imeandikiwa kilo 400 za mzigo ikiwa na watu wawili. Springi zake zimepimiwa uzito huo, kwa hiyo ikiwa tupu inaruka. Mke wangu hataki kukaa nyuma tukienda Tororo bila mzigo, na ana haki. Watoto wako watalalamika mkipanda, mkishuka na matoke watalala usingizi.

Kama vitunguu ni vya kila wiki, chukua Probox. Kama gunia ni mara mojamoja, Ist itakutosha, na siku hiyo gunia lipande matatu. Vitz ya tairi ndogo kwa safari yako, hapana.

Ukienda kwenye bondi Kampala, yadi ya magari yaliyoagizwa, beba tochi, uzi na rula. Lala chini, mulika bushi mbili za mbele ya ekseli ya nyuma: raba ikiwa imeachana na chuma, hiyo ni kazi ya kuteremsha ekseli nzima, ipunguze kwenye bei. Pitisha kiganja upande wa ndani wa tairi za nyuma, zote mbili. Halafu vuta uzi, hata kama muuzaji ana haraka.