Mbwa Amebaki na Miguu Mitatu: Tumtunze Vipi Nyumbani?

SWALI: Daktari, pokea salamu kutoka Donholm. Mbwa wetu Simba, dume la miaka minne lenye kilo 22 hivi, alikanyagwa mguu wa nyuma wa kulia na gari lililokuwa likirudi nyuma langoni mwa ploti yetu. Daktari aliyempokea alitueleza kwamba mifupa ya chini ya goti imesagika na mishipa ya damu imekatika, akashauri mguu uondolewe. Nilikubali nikidhani utakatwa hapo palipoumia, lakini tulipokwenda kumchukua tulikuta paja karibu lote halipo. Leo ni siku ya tatu tangu arudi nyumbani. Tunaishi ghorofa ya pili, jengo halina lifti na sakafu yetu ni ya vigae. Usiku hulia ghafla kama aliyedungwa sindano, kisha hunyamaza. Hajaenda haja kubwa tangu apasuliwe, na chini ya mshono kuna uvimbe laini unaotikisika kama mfuko wa maji. Mume wangu humbeba kila anapotaka kusogea, watoto humpa mandazi na soseji kwa kumhurumia, na jirani mmoja ameniambia wazi kwamba ingekuwa heri adungwe sindano ya kumpumzisha kuliko kufugwa akiwa kilema. Je, tulikosea? Tufanye nini hadi apone? — Mama Neema, Donholm

JIBU: Mama Neema, nianze na lile paja, maana naona ndilo linalokukereketa kuliko mengine. Binadamu aliyekatwa mguu chini ya goti huachiwa kigutu kirefu ili apate pa kuvalia mguu wa bandia. Mbwa akiachiwa kigutu cha namna hiyo hujaribu kukikanyagia, hukigonga kwenye ngazi na kukiburuta kwenye saruji, na baada ya muda mfupi ngozi nyembamba iliyofunika ncha ya mfupa huchubuka ikawa kidonda kisichofunga. Kwa sababu hiyo, mguu wa nyuma kwa kawaida hukatwa katikati ya paja au kwenye kiungo cha nyonga, palipo na misuli minene ya kuufunika mfupa. Daktari wenu hakukata kupita kiasi. Alifanya linalofanywa na wapasuaji wengi wa mbwa.

Kilio cha usiku ndicho ninachotaka mkishughulikie leo hii kabla ya mengine yote. Mshipa wa fahamu uliokatwa unaweza kuendelea kuupelekea ubongo taarifa za maumivu kana kwamba mguu ungalipo, na mbwa hushtuka, hulia mara moja, hugeuka kuangalia nyonga yake, kisha hutulia. Maumivu ya aina hiyo hayatulizwi vizuri na dawa za kupunguza uvimbe peke yake, kama vile karprofeni au meloksikamu, ambazo bila shaka mmepewa. Mara nyingi daktari huongeza gabapentini, ambayo humfanya mbwa asinzie kidogo siku za mwanzo. Mpigie simu aliyempasua, umweleze kilio hicho kama ulivyonieleza mimi, na ikiwezekana umrekodi Simba kwa simu ili daktari ajionee mwenyewe. Msimwongezee dozi kwa kukisia, na msimpe dawa ya maumivu iliyo kwenye kabati la nyumbani. Ibuprofeni na daiklofenaki humtoboa mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo hata kwa kiasi ambacho mtu hakihisi, na parasetamoli inaweza kuharibu ini lake. Hizo alizoandikiwa nazo apewe pamoja na chakula. Akitapika au akitoa kinyesi cheusi kama lami, zisimamishwe na daktari ajulishwe siku hiyo hiyo.

Mjue pia kwamba mbwa wengi wenye maumivu hawalii kabisa. Huhema kwa kasi ilhali wamelala, hutetemeka, hukataa chakula, hujificha chini ya meza, au hukaa macho usiku kucha wakibadilisha upande. Simba akifanya hivyo, asihesabiwe kuwa ni mvumilivu.

Uvimbe unaotikisika, kwa maelezo yako, unafanana na maji mepesi yanayojikusanya palipoachana ngozi na misuli, yakateremka hadi sehemu ya chini kabisa ya mshono. Ukiwa laini, hauna joto, haumuumi na hauvuji, kwa kawaida mwili huyafyonza maji hayo wenyewe katika muda wa wiki mbili au tatu. Msiutoboe hata kama mtu atajitolea sindano safi, kwa kuwa tundu hilo ndilo mlango wa usaha. Damu iliyovilia chini ya ngozi, yenye rangi ya zambarau inayogeuka kuwa kijani na manjano, ikishuka kuelekea tumboni pia isiwatishe. Yanayotisha ni mengine: mshono unaofunguka, harufu mbaya, majimaji mazito, joto na wekundu unaotanda, damu inayodondoka, au ufizi uliopauka. Inua mdomo wake, bonyeza ufizi kwa kidole. Weupe unaoachwa na kidole unapaswa kurudi kuwa waridi ndani ya sekunde mbili. Kila asubuhi piga picha ya mshono ukiwa umesimama mahali pale pale, kwa sababu jicho linaloona kitu kila siku halitambui kinavyobadilika.

Mshono wenyewe msiupake chochote. Nimeona mbwa waliopakwa majivu, spiriti, mafuta ya taa na hata oili chafu ya gari, na kila kinachopakwa huishia tumboni mwa mbwa anayejilamba. Koni ya plastiki aliyovishwa shingoni isitoke hadi nyuzi zitolewe, ambayo kwa kawaida ni kati ya siku ya 10 na ya 14. Najua atagonga kila mlango na kuwatazama kwa macho ya kuonewa. Iacheni hivyo hivyo, kwa maana ulimi wa mbwa unaweza kufungua kwa dakika kumi kazi ya saa mbili ya daktari. Asiogeshwe katika kipindi hicho, na alale ndani, kwani nzi akitaga kwenye kidonda mtapata funza kabla hamjajua kilichotokea.

Kuhusu haja kubwa, Mama Neema, fanya hesabu. Simba alinyimwa chakula kabla ya upasuaji, huenda akapewa dawa za jamii ya morfini ambazo hupunguza mwendo wa utumbo, kisha akala kidogo siku mbili. Hana kingi cha kutoa, na isitoshe hajajua bado jinsi ya kuchuchumaa kwa mguu mmoja wa nyuma. Siku tatu au nne si ajabu. Mpeni maji ya kutosha na vijiko vichache vya boga lililochemshwa bila chumvi, na msimpe mifupa iliyopikwa, ambayo hufunga choo na kumfanya ajikamue. Akifika siku ya tano, au akijikamua bila kutoa kitu, aonwe na daktari.

Sasa nije kwenye vigae, ambavyo naviona kuwa adui mkubwa kuliko kidonda. Mbwa mwenye miguu minne akiteleza mguu mmoja, mitatu humshika. Simba akiteleza na mguu wa nyuma aliobaki nao, hakuna cha kumshika: ataangukia mshono, na baada ya kuanguka mara mbili atakataa kutembea, nanyi mtadhani ni udhaifu ilhali ni woga. Tandikeni njia yake yote kutoka anapolala hadi kwenye bakuli na mlangoni. Mazulia ghali hayahitajiki. Vipande vya mpira, mikeka yenye mpira chini, hata magunia yaliyobanwa ukingoni yasikunjike vitatosha. Kateni kucha zake na nywele zilizoota kati ya vidole, zinazomfanya ateleze kama aliyevaa soksi. Kitanda kiwe godoro gumu kiasi, si la kumzamisha, na katika baridi hii ya Julai kisiwe moja kwa moja juu ya kigae.

Ngazi ndizo sehemu pekee ambapo mume wako ana ruhusa ya kumbeba, kwa wiki mbili za kwanza. Kwingineko amteremshe. Chukueni leso (kanga), muikunje iwe mkanda mpana, muipitishe chini ya tumbo mbele ya mguu wa nyuma, na kwa kuwa ni dume iwekwe mbali na uume wake. Mwenye kumshikilia atembee kando akiwa ameshika ncha zote mbili juu ya mgongo, na leso ilegee kidogo: kazi yake ni kumdaka akipepesuka, si kumnyanyua. Hivyo hivyo mumsaidie anapochuchumaa. Baada ya siku chache ataonekana kuikimbia leso, na hiyo ni habari njema.

Kuna jambo ambalo huwashangaza wengi. Mbwa wa miguu mitatu huona kusimama tuli na kutembea polepole kuwa kazi nzito kuliko kurukaruka, kwa sababu akisimama hulazimika kujizuia asiinamie upande usio na mguu, ilhali akiruka mwendo wenyewe humweka sawa. Basi msimkokote akizunguka ploti nzima kwa hatua za mzee. Mtoeni kwa kamba mara nne au tano kwa siku, dakika tano kila mara, mumwache achague mwendo wake na alale chini akitaka. Kukimbia, kuruka kwenye kochi na kucheza na mbwa wengine kusubiri hadi nyuzi zitoke na daktari aridhike, kisha muongeze dakika kidogo kidogo kuanzia wiki ya tatu. Akianguka anapogeukia upande wa kulia, msimrukie kwa mayowe. Mpeni nafasi ajiinue. Anajifunza mwili mpya, na hawezi kujifunza akiwa mikononi mwa mtu.

Mandazi na soseji vikome. Kila kilo anayoongeza sasa inabebwa na nyonga moja na goti moja, na mishipa ya goti hilo ikikatika hamtakuwa na mguu wa akiba. Kwa kuwa atatembea kidogo, chakula chake kipunguzwe kidogo pia: ugali mchache, nyama au omena zilizochemshwa bila kitunguu wala chumvi, au chakula cha mbwa kwa kipimo. Ukipitisha kiganja ubavuni mwake bila kukandamiza, unapaswa kuhisi mbavu. Watoto wakitaka kumfariji wakae naye sakafuni.

Sasa huyo jirani. Hamkukosea. Mtu aliyepoteza mguu huwaza ajira, harusi na macho ya watu njiani. Kwa mwenendo ninaouona, Simba anawaza bakuli lake, mlango na sauti zenu. Mbwa wengi huanza kutembea siku moja au mbili baada ya upasuaji, na mguu uliosagika uliokuwa ukimtesa saa 24 sasa haupo. Jirani aalikwe baada ya miezi miwili, chai iwepo.

SWALI: Daktari, nina mbwa aina ya German Shepherd, umri miaka tisa, kilo 38. Amechechemea mguu wa mbele kwa wiki sita na picha zimeonyesha saratani ya mfupa karibu na bega. Nimeshauriwa mguu ukatwe. Nauliza kama ni haki kumpitisha huko akiwa mzee hivi, na kama kumtunza kutakuwa tofauti na kwa mguu wa nyuma. — Baba Brian, Kahawa West

JIBU: Baba Brian, nitakujibu bila kupamba. Kukatwa mguu katika ugonjwa huu huondoa maumivu, na maumivu ya mfupa unaoliwa na saratani ni makali mno. Lakini mara nyingi ugonjwa unapoonekana mguuni huwa tayari umetupa mbegu mwilini, hasa kwenye mapafu. Mbwa wanaokatwa mguu tu, karibu nusu yao hufa ndani ya miezi minne au mitano. Wakiongezewa dawa za saratani, muda huo hufika kama miezi 10 hadi 12. Hiyo si miezi ya kudharauliwa katika maisha ya mbwa ikiwa haina maumivu, ila uamuzi uwe wako ukizijua hesabu hizo.

Kabla ya kukubali, omba kifua kipigwe picha, na nyonga na magoti vikaguliwe kwa makini. Mbwa hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, kwa hiyo huyu wako ataegemea mguu mmoja wa mbele kwa mzigo mkubwa, na aina yake inajulikana kwa matatizo ya nyonga. Kama nyonga zimeharibika au mgongo umelegea, mimi ningesita, na ningezungumza nawe kuhusu dawa za maumivu na siku ya kumpumzisha. Kama nyonga ni nzuri na tayari anatembea kwa mitatu huku akiuning'iniza ule mgonjwa, basi amekwisha kukuonyesha kwamba anaweza. Miaka tisa peke yake hainizuii.

Malezi mengi ni yale niliyomweleza Mama Neema, ila leso haitakufaa. Mguu wa mbele kwa kawaida huondolewa pamoja na kombe la bega, na mshono hubaki ubavuni, kwa hiyo tafuta mkanda wa kifuani wenye mshiko mgongoni, uliotandikwa kitambaa laini, na umwonyeshe daktari kwanza usije ukasugua kidonda. Fulana kuukuu ya mitumba iliyokatwa vizuri huuficha mshono usikwaruzwe. Kushuka ngazi kutamwogopesha kuliko kupanda, kwa kuwa uzito wote humwagikia mbele. Bakuli la chakula na la maji viinuliwe juu ya kigoda hadi usawa wa kifua, la sivyo kila akiinama kula atapiga pua sakafuni. Na siku ya kwenda kumchukua usiende peke yako: beba blanketi nene na mtu wa pili mwenye nguvu, mshike pembe nne, kwa maana kilo 38 zenye mshono mbichi haziingizwi garini na mtu mmoja.